Kondoo wa Magurudumu Mawili

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Baudilio ameachia kengele! Magoti yamegoma. Ametangaza mwenyewe leo kwenye mkutano wa chama cha mtaa, ameegemea mkongojo, na mwenyekiti wetu Mama Otilia akapangusa machozi kwa karatasi ya ajenda. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri haraka haraka.

Msafara wa baiskeli wa likizo ya baridi, maana huku kusini kabisa mwa dunia Julai ndiyo baridi kali, ni Jumamosi hii. Anayetangulia ndiye anayeshika kengele. Na kengele ile si ya Baudilio, si ya chama, wala si ya Mama Otilia. Ni ya baba yetu! Ilining'inia shingoni mwa farasi wake jike, yule aliyewaongoza farasi wote wa shamba la kondoo alikofanya kazi miaka thelathini. Baba alipofariki, dada yangu Hortensia aliitoa zawadi kwa msafara bila kuniuliza. Anadai aliniuliza. Nilikuwa nimelala.

Na mimi, mwanawe wa kiume pekee, nimekuwa nani kwenye msafara huu miaka kumi na mmoja? Ufagio! Yaani yule anayekuja nyuma kabisa, ufagio umefungwa kwenye keria, akiokota walioishiwa pumzi na waliopasukiwa tairi. Mtaa mzima unaniita hivyo. Juzi zahanati nesi aliita Eleuterio Mansilla, nikakaa tu natazama ukuta. Akaita Ufagio, nikasimama.

Safari hii mambo yatakuwa hivi: kila mtu aipambe baiskeli yake, tukifika Plaza, uwanja wa katikati ya mji, watu wapige makofi, na atakayepigiwa mengi zaidi apewe kengele. Kisha Mama Otilia akauliza nani atachukua ufagio. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasema mwaka huu mtafute mwingine. Drago Marusic, mwenye bucha, jirani yangu ukuta kwa ukuta, akauliza kwa sauti kama siku hizi Ufagio anataka kupanda cheo awe mpini. Walicheka mpaka Baudilio akashika magoti.

Drago naye anaitaka kengele. Ana baiskeli mpya yenye matairi manene ya barafu. Akishinda ataitundika dukani, juu ya mbavu na maini. Kengele ya baba! Haiingii bucha ile. Naapa.


Jumanne, 9 Julai

Hila ya kwanza: kumchafulia Drago jina. Saa tatu asubuhi, bado giza kama kila Julai huku kwetu, nikaenda duka la mikate. Nikamnong'oneza muuzaji kwamba nimesikia, sitaki kutaja kwa nani, baiskeli ya Drago ina mota imefichwa ndani ya fremu. Udanganyifu mtupu! Nikamsihi asimwambie mtu. Mtaani kwetu hakuna njia ya haraka zaidi ya kutangaza jambo.

Kufika saa sita uvumi ulikuwa umezunguka mtaa mzima na kunirudia mlangoni. Aliniletea Mama Otilia mwenyewe. Alifurahi kweli. Alisema kama baiskeli ya Bwana Drago ina mota, basi itawavuta wenye mapafu mabovu kwenye kile kilima cha makaburini. Akaniuliza kama na mimi sioni huo ndio utu. Nikasema nauona. Alasiri nikawakuta watu watatu mbele ya bucha wakimwuliza aliinunua wapi. Drago akanipungia mkono. Mtu anayekupungia mkono huku unamroga ni mtu wa kuudhi sana.

Jambo jingine. Mzee Chiguay amefika. Kila Julai wachungaji hushuka kutoka mashambani kuja kupumzika mjini, na Chiguay hupanga chumba chetu cha nyuma. Huja na mbwa wake, Sajenti, mweusi, jicho moja la buluu. Mwezi huu mji umejaa mbwa wa namna hiyo, wamekaa kwenye kona wanatazama magari, hawana la kufanya.

Chiguay amemletea Dada Hortensia mafurushi manne ya sufu mbichi, haijaoshwa, ashone godoro. Dada aliinusa, akasema inanukia nyumbani. Mimi niliitazama. Nikaitazama tena.

Nimepata! Wote watakuja na taa na utepe. Mimi nitakuja na kondoo.


Jumatano, 10 Julai

Dada hakukataa kuniazima sufu. Sikumwuliza.

Nimejenga mchana kutwa bandani. Mbavu za kondoo ni ile fremu ya kuanikia nguo. Kichwa ni sufuria ya aluminiamu anayokaangia Dada sopaipilla, yale maandazi yetu bapa. Macho ni vifuniko vya chupa za jemu. Sufu yote, mafurushi manne, nimeishona juu mpaka inagusa pedali. Mimi nakaa ndani, uso wangu unatokea shingoni. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Sina maneno! Nilitaka kujikuna kichwa nikamkuna kondoo.

Kazi nzuri haijifichi. Sajenti amekaa mlangoni mwa banda tangu saa nne, hajala, hajabweka, hajapepesa jicho. Nikisogea kushoto anasogea kushoto. Nikisogea kulia, kulia. Hata mnyama anaijua sanaa.

Jioni kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija, kikazunguka jikoni. Mzee Chiguay alinyonya, akakirudisha, akasema polepole kama anavyosema kila kitu kwamba ndugu yangu, kondoo wako ananuka vizuri. Nikamshukuru. Akaongeza kwamba Sajenti hajafanya kazi wiki tatu, na mbwa wa kondoo asipofanya kazi anaharibika roho. Nikamwambia na mimi ni hivyo hivyo, tangu wanistaafishe posta. Akauliza kama nina hakika ya Jumamosi. Nikasema sijawahi kuwa na hakika namna hii.

Dada akauliza sufuria yake iko wapi. Nikaenda kulala mapema.


Alhamisi, 11 Julai

Barafu imeshika barabara zote. Mama Otilia ametelezea mlangoni mwa ofisi ya chama na kukaa chini na heshima zake zote. Drago ana matairi yenye meno ya chuma. Mimi sina. Lakini nina skrubu!

Mia moja thelathini na mbili. Unatoboa tairi kutoka ndani, ncha inatokea nje, inauma barafu. Rahisi. Nimefanya saa nne. Nikaipanda baiskeli ukumbini kwetu kujaribu, maana nje kulikuwa na baridi. Mita tatu za fahari. Kisha ukasikika mlio, pssss, wa mbele. Kisha wa nyuma. Vichwa vya skrubu, ambavyo viko ndani, vilikuwa vimezila tyubu zote mbili. Hilo sikuwa nimelifikiria. Na sakafu ya mbao, ya baba, ina matundu mia moja thelathini na mbili mara idadi ya mizunguko ya gurudumu.

Dada alikuja, akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akanitazama tena. Sikuwahi kutamani moto kwa namna ile, niingie niungue yaishe. Alikwenda kuchukua ile buti yangu kuukuu ya mpira, akaikata vipande virefu, akavilaza ndani ya tairi kufunika skrubu, akaweka tyubu mpya, akajaza upepo. Dakika arobaini. Wala hakuvua aproni.

Nikamwuliza alijifunzia wapi. Akasema miaka kumi na mmoja mimi naleta nyumbani baiskeli za watu zilizoharibika kwenye msafara, nani nilidhani anazitengeneza? Kusema kweli sikuwahi kujiuliza. Huwa nazikuta asubuhi zimepona.

Halafu akanitolea kali ya mwaka. Amekwenda kwa Mama Otilia kuuomba ufagio. Anataka kwenda msafarani! Miaka yote hubaki nyuma kuwakaangia watu sopaipilla, na mwaka huu, kwa kuwa sufuria imepotea, ameona bora aende. Na baiskeli ya baba. Na umri wa miaka sitini na minne! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia Dada, ufagio si mchezo, huko nyuma kuna baridi na kuna upweke, watu wanakusahau. Akasema anajua, mdogo wangu, maana na jikoni ni hivyo hivyo.

Nikasema ni sawa, achukue.


Ijumaa, 12 Julai

Siku ya kutafuta makofi. Kwanza bahati, kisha watu.

Bahati: alfajiri ya saa tatu nilikwenda Plaza kubusu kidole cha mguu cha ile sanamu ya shaba iliyoko katikati. Kila mtu hapa anajua, ukibusu kidole unarudi mji huu na unafanikiwa. Kila mtu anajua pia kwamba Julai hakibusiwi, unapitisha mkono tu, tena wenye glovu. Lakini mimi nilitaka bahati kamili, si ya mkono. Hakukuwa na mtu. Nikainama. Nikabusu.

Mdomo haukutoka.

Ndiyo. Umeganda pale, kwenye shaba, nyuzi sita chini ya sifuri. Nilivuta, nikaona nyota. Nikajaribu kuita msaada lakini kuita kunahitaji mdomo. Nilikaa nimeinamia mguu wa sanamu mpaka nikasikia breki za gari la nyama. Drago! Kati ya watu wote walio hai katika mji huu! Alishuka, akazunguka upande wangu, akainama mpaka macho yetu yakakutana, akauliza, "Jirani, mmeanza lini nyinyi wawili?" Kisha akaleta chupa yake ya maji moto ya mate, akanimwagia taratibu, tone kwa tone, huku ameuweka mkono wake kwenye paji la uso wangu nisivute. Nikatoka. Akanipa na kitambaa.

Najua kwa nini alifanya hivyo. Ili nimwonee huruma kesho. Hanipati.

Watu: nikiwa na mdomo uliovimba, nikaenda klabu ya wazee ya dansi. Watu hamsini, mikono mia moja, na hawana kazi Jumamosi. Niliwaahidi sopaipilla za Dada za moto, kila mmoja atakavyo, wakinipigia makofi Plaza. Wakakubali wote kwa mara moja. Sikutegemea wepesi ule. Nilipokuwa natoka mlangoni nikakutana na Drago anaingia. Nasikia amewaahidi mkate wa soseji na maziwa ya ndizi. Nao wakamkubalia pia, kwa wepesi ule ule. Wazee wa siku hizi hawana msimamo.

Sajenti bado yuko mlangoni mwa banda. Usiku kucha amekesha pale. Nimempa mfupa, hakuutazama.


Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mto laini wa kitandani. Kila kitu kwa mpangilio.

Tuliondoka saa saba mchana, baiskeli arobaini na saba, jua limejilaza juu ya Mlango-Bahari ulio mbele ya mji, halitaki kunyanyuka. Taa, tarumbeta, mapovu ya sabuni. Drago alikuja amepamba baiskeli kuwa meli, na tanga na nanga. Alivaa kofia ya nahodha. Nilipotokea mimi, watu walinyamaza. Kisha wakapiga kelele! Mama Otilia akasema hajawahi kuona kondoo wa namna hii. Nilijiona mrefu. Nyuma kabisa, Dada Hortensia, aproni juu ya koti, ufagio kwenye keria. Nikampungia kwato.

Meno ya skrubu yaliuma barafu vizuri mno. Nikatulia katikati ya kundi mpaka Barabara ya Bulnes. Pale nikaamua: sasa! Nikakanyaga pedali, nikampita Mama Otilia, nikawapita mapacha wa saluni, nikaipita na meli ya Drago. Mbele yangu barabara tupu. Nilikuwa wa kwanza! Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa natazama mgongo wa mtu.

Ndipo nikaliona lile jicho la buluu.

Sajenti alikuwa barabarani, tumbo karibu liguse barafu, ananitazama. Hakubweka. Wale hawabweki. Nikampigia kengele ya baiskeli, hakusikia. Nikaenda kulia, yuko kulia. Kushoto, yuko kushoto. Akaingia nyuma yangu, akauma sufu ya makalio, si sufu peke yake, na kabla sijajua nimegeuzwa na ninaendesha kuelekea nyuma. Alinipeleka moja kwa moja mpaka mkiani mwa msafara na kuniacha kando ya Dada. Kisha akakaa, ulimi nje, ameridhika.

Dada akasema, "Karibu tena nyumbani."

Nikajaribu mara ya pili. Alinirudisha. Nikajaribu ya tatu, kwa ujanja: kwenye kona ya makaburini nikala kona kichochoroni, nizunguke nitokee mbele. Kichochoro kizima nilikuwa peke yangu, nacheka mwenyewe. Nikatokea barabarani. Wako watano! Sajenti ameita wenzake. Ile mibwa yote ya likizo, siku zote hizi imekaa kwenye kona bila kazi, sasa imepata kondoo. Na imeona kondoo mwenyewe ana kundi, baiskeli arobaini na sita zimetapakaa ovyo barabarani, bila nidhamu. Ikaingia kazini.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na sitaki kukiona tena. Kwa dakika kumi walitukusanya wote. Meli ya Drago ilijaribu kutoroka, wakaipasua tanga. Mapacha wa saluni walisukumwa, Mama Otilia alisukumwa, tarumbeta zikanyamaza. Wakatuteremsha hadi ufukweni, wakatuingiza kwenye uwanja wa kuegesha magari wa soko la samaki, wenye uzio pande tatu. Sajenti akalala langoni. Akijaribu mmoja wetu kutoka, anasimama. Tukarudi wote katikati. Watu wazima arobaini na sita, wenye kazi na heshima zao, tumebanana baiskeli kwa baiskeli, mvuke unatutoka.

Mama Otilia akasema Plaza nzima inatusubiri na giza linaingia saa kumi na moja. Drago akauliza nani mwenye akili aliyevaa sufu mbichi Julai, mwezi ambao mbwa wote wa kondoo wako mjini. Watu wote wakanigeukia. Nikageuka na mimi, nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Mtoto wa mchungaji mimi! Nilijua la kufanya. Mluzi! Ule wa baba, wa kuwalaza mbwa chini. Nikatia vidole viwili kinywani, nikavuta pumzi, nikapuliza. Meno ya bandia yakaruka. Yalikwenda mbali, yakateleza kwenye barafu, yakapita chini ya tumbo la Sajenti na kutokomea barabarani. Sajenti hakuyatazama hata.

Tukasikia baiskeli inakuja, kri-kri, kri-kri, mnyororo wa baba haujawahi kutiwa mafuta ya kutosha. Dada Hortensia. Alikuwa amechelewa kwa sababu njia nzima alikuwa anaokota: tarumbeta, kofia ya nahodha, kiatu cha Mama Otilia, vyote viko kwenye kikapu. Akasimama. Akafagia kitu kutoka barafuni, akakiinua, akakifuta kwa aproni. Akaniuliza kwa mbali kama haya ni ya kwangu. Mbele za watu wote.

Kisha akatia vidole viwili kinywani.

Sijausikia mluzi ule tangu baba afariki. Mrefu, unashuka, halafu unakatika. Mbwa wote watano walilala chini pale pale, kidevu kwenye barafu. Hata shakwe walinyamaza, au ndivyo ninavyokumbuka. Akapiga mwingine mfupi, Sajenti akainuka, akaenda kusimama kando ya gurudumu lake. Dada akasema haya twendeni, baridi hii. Akatangulia. Tukamfuata, arobaini na sita, mbwa pembeni, hakuna aliyethubutu kumpita. Kila niliponyanyuka kwenye kiti kuongeza mwendo, jicho la buluu lilinigeukia.

Tuliingia Plaza hivyo. Klabu ya dansi walikuwa wameahidi makofi kwangu, na kwa Drago, lakini walipomwona mama mwenye aproni na ufagio anaongoza msafara mzima na mbwa watano, waliahirisha ahadi zao zote. Makofi yalidumu mpaka taa za barabarani zikawaka. Mama Otilia, mguu mmoja soksi, akamkabidhi kengele.

Alimkabidhi Dada. Kengele. Yangu.


Jumapili, 14 Julai

Sikuamka mpaka saa tano. Nimejifunika blanketi hadi kichwani. Watu wamepita kutwa kumpongeza Dada na wote wanauliza, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, kama kondoo amepata nafuu. Drago ameleta mguu wa mwana-kondoo. Alisimama mlangoni mwa chumba changu akasema ameuleta kwa majonzi, kwa kuwa ni jamaa yangu. Nikamrushia kandambili. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matundu ya skrubu, na ikabidi tumpe mate, na akakaa saa mbili.

Chiguay ameomba radhi kwa niaba ya mbwa wake. Anasema Sajenti amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Juni, na leo ametikisa mkia. Nikamwambia nimefurahi kwamba kuna aliyefaidika.

Wageni walipoondoka Dada aliweka kengele mezani kati yetu. Ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Akaitikisa mara moja tu, taratibu, kama farasi jike anapoteremka mtoni bila haraka. Akasema hakuwahi kuitaka. Aliuchukua ufagio kwa sababu alitaka kuona ni nini hasa hicho ninachokifanya huko nyuma kila mwaka. Akasema Mama Otilia amemwambia kitu ambacho huenda mimi sikijui: kwamba miaka kumi na mmoja, kwa barafu yote hii, hakuna mtu hata mmoja aliyepotea kwenye msafara. Hata mmoja, mdogo wangu. Baba naye alikuwa akisema wa mbele anaona njia tu, wa nyuma ndiye anayewaona watu.

Nikatokwa na machozi. Nikamwambia ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu. Akanisukumia kibuyu cha mate, na tukakaa. Mwaka ujao yeye atashika kengele mbele, mimi nishike ufagio nyuma, watoto wa baba pande zote mbili. Nikasema sawa. Na nilimaanisha. Nilipata usingizi mzuri wa mchana.


Jumatatu, 15 Julai

Puma!

Imenijia leo asubuhi nikipiga mswaki meno mkononi. Kosa langu halikuwa kutaka kwenda mbele. Kosa lilikuwa mnyama! Kondoo anachungwa, hiyo ndiyo kazi yake duniani. Lakini puma, yule paka mkubwa wa milimani anayewala kondoo, nani anamchunga? Nimemwuliza Chiguay, kwa kujifanya hamnazo, Sajenti hufanya nini akinusa puma. Akasema huingia chini ya kitanda, hatoki siku mbili. Basi! Barabara itakuwa yangu toka mwanzo hadi mwisho.

Fremu ya kuanikia nguo ipo, imepinda kidogo tu. Mwili nitatumia lile blanketi la kahawia la Dada, rangi yenyewe ya puma. Kichwa, sufuria ile ile, ina mkunjo mmoja unaofanana na hasira. Mkia ni mpini wa ufagio. Hivyo hata ahadi yangu ya jana nitakuwa nimeitimiza. Na kwa kuwa puma ananuka, nimeanza kuulizia harufu yake inapatikana wapi.

Nilikuwa ndio kwanza nachora masikio mezani jikoni Dada alipokuja kumimina maji. Aliitazama karatasi. Akasema amesahau kuniambia, Julai ijayo tutakuwa na wageni wawili chumba cha nyuma. Chiguay atakuja na rafiki yake, mzee mmoja aliyewinda puma mashambani miaka arobaini, mtu mpole sana, ila macho yameanza kumsumbua na hatembei bila bunduki yake. Akanywa maji. Kisha akarudia yote tena, neno kwa neno, polepole, ananitazama.

Nikamwambia mgeni karibu, nafasi ipo.

Sijui alirudia kwa nini. Mgeni wa chumba cha nyuma ana uhusiano gani na baiskeli yangu?